Nani Aliishuhudia Barafu Kabla ya Setilaiti?

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili na nusu. Wapo walioniuliza kama naumwa, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimepata kazi serikalini. Hapana jamani. Nilikuwa nasoma habari za barafu. Si ile ya kwenye soda, bali ile ya Antaktika, kule kusini kabisa mwa dunia ambako mimi na wewe hatuna shangazi wala binamu.

Subirini kwanza, msiondoke. Najua wengi mnapita hapa mkitafuta habari za mjini. Za mjini zitakuja. Leo naomba mnivumilie, kwa sababu habari hii ya barafu imenigombanisha na watu wawili ninaowaheshimu, imeninyima malipo ya wiki nzima, na imenifanya nifikirie upya kazi yenyewe ya uandishi wa habari.

Tuanze na misingi. Kule Antaktika kuna barafu za aina mbili, na watu huzichanganya kila siku. Kuna barafu ya nchi kavu, ile iliyolala juu ya bara lenyewe, ambayo kwa wastani ina unene wa karibu kilomita mbili. Hiyo ni theluji iliyoanguka na kushindiliwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Halafu kuna barafu ya bahari. Hii ni maji ya chumvi ya baharini yanayoganda juu kila majira ya baridi na kuyeyuka kila kiangazi. Unene wake mara nyingi ni mita moja au mbili tu, lakini eneo lake linatisha. Mwezi Septemba hufikia takriban kilomita za mraba milioni 18, yaani Tanzania 19 zilizotandazwa moja kando ya nyingine. Ikifika Februari imebaki kama milioni 3 hivi. Kila mwaka bahari huvaa na kuvua shuka hilo.

Barafu hii ya bahari ndiyo yenye kesi.

Setilaiti zimekuwa zikiipima bila kukatika tangu mwishoni mwa 1978. Zinatumia mawimbi ya maikrowevu, kwa hiyo hazizuiwi na mawingu wala na ule usiku wa miezi kadhaa wa kule. Mwezi Septemba 2014 zilionyesha barafu ya bahari ya Antaktika imevuka kilomita za mraba milioni 20, kiwango kikubwa kuliko vyote tangu upimaji huo uanze. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Septemba 2023, kilele cha majira ya baridi kiliishia milioni 16.96, kidogo kuliko vilele vyote vilivyowahi kupimwa kwa setilaiti. Tofauti ya vilele hivyo viwili ni zaidi ya Tanzania tatu.

Hapo ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba ni hakimu mstaafu. Ni mtu wa kusoma, na ni mtu wa kubisha. Kwenye kundi letu la ukoo alituma ile picha ya 2014 na maneno mawili: "Joto liko wapi?" Nikampigia simu, maana mkubwa huwezi kumjibu hivi hivi mbele ya ukoo mzima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Najua unataka kuniambia habari za 2023."

"Ndiyo mjomba. Imeshuka vibaya."

"Sasa mjomba," akaniambia, kwa sababu kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "2014 ilipanda, 2023 imeshuka. Setilaiti zenu zimeanza kazi 1978. Bahari ina umri gani? Mlalamikaji anakuja mahakamani na ushahidi wa miaka arobaini na ushee juu ya jambo la miaka milioni. Kabla ya hapo nani alishuhudia?"

Jamani, tuwe wakweli. Hilo ni swali zuri. Mtu akikuuliza swali zuri, kumwita mpotoshaji hakusaidii kitu. Inabidi ukatafute shahidi. Basi nikaenda kutafuta, na shahidi wa kwanza niliyempata ananuka mafuta ya nyangumi.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 meli kubwa za kuwinda nyangumi zilimiminika katika Bahari ya Kusini. Kuanzia 1931 taarifa za kila nyangumi aliyeuawa zilikusanywa katika ofisi moja mjini Sandefjord, Norway: ni wa aina gani, amevuliwa tarehe ngapi, na mahali gani kwa latitudo na longitudo. Hawakuwa wakifanya utafiti wa hali ya hewa. Walikuwa wakihesabu mali.

Sasa, nyangumi wa kule hufuata krili, wale wadudu wa baharini wanaofanana na uduvi. Krili nao hujaa karibu na ukingo wa barafu. Na meli haiwezi kuingia ndani ya barafu nene. Kwa hiyo ukichora kwenye ramani sehemu za kusini kabisa walikovuliwa nyangumi mwezi fulani wa mwaka fulani, umechora ukingo wa barafu bila mtu yeyote kukusudia kuuchora. Mtafiti William de la Mare alifanya hivyo na mwaka 1997 akachapisha matokeo katika jarida la Nature. Alionyesha kwamba kati ya katikati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukingo wa barafu ya kiangazi, kwa wastani wa Oktoba hadi Aprili, ulirudi kusini kwa nyuzi 2.8 za latitudo. Hiyo ni kama kilomita 310. Akakadiria kwamba eneo la barafu lilipungua kwa karibu asilimia 25.

Yaani shuka lilipungua robo nzima kabla setilaiti haijafumbua jicho!

Nikampelekea mjomba. Akasoma, akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Mdodose shahidi wako."

Kwa wasiokanyaga mahakamani, kudodosa ni kumbana shahidi wa upande wa pili kwa maswali mpaka jasho limtoke. Nikamdodosa. Na kweli, jasho lilimtoka. Kwanza, katika miaka hiyo hiyo wawindaji walibadilisha mawindo. Nyangumi wakubwa wa bluu walipoadimika, wakahamia kwa wengine, mpaka wale wadogo waitwao minke ambao hupenda kuingia barafuni zaidi. Je, ukingo ulihama, au alihama anayewindwa? Pili, watafiti wengine walionyesha kwamba ukingo anaouona nahodha aliye melini na ukingo unaochorwa na setilaiti si kitu kimoja wakati wa kiangazi. Tatu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi Mrusi Alexey Yablokov aliweka hadharani kwamba Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepeleka taarifa za uongo kwa miaka mingi, na kuficha zaidi ya nyangumi 100,000. Hilo la tatu halivunji hesabu zote za de la Mare, lakini linakukumbusha kwamba daftari la mvuvi ni daftari la mtu mwenye maslahi.

Shahidi mmoja aliyedodoswa namna hiyo hatoshi. Anahitaji mwenzake wa kumuunga mkono, tena asiye jamaa yake. Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nikose usingizi.

Upande wa Antaktika unaotazama Australia, karibu na kituo cha utafiti cha Casey, kuna mlima wa barafu wa mviringo uitwao Law Dome. Pale theluji huanguka kwa wingi, inaongeza zaidi ya nusu mita ya barafu kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka una tabaka lake kama kurasa za daftari. Watafiti wa Australia walitoboa pale kwa keekee yenye uwazi katikati, wakashuka takriban mita 1,200, wakatoa vipande virefu vya mviringo. Mimi nitaviita michi ya barafu, maana ukiviona umeuona mchi wa kinu.

Ndani ya mchi kuna kemikali moja iitwayo asidi ya methenisalfoniki. Jina ni gumu, lakini ukoo wake mnaujua. Ukisimama Coco Beach upepo ukavuma kutoka baharini, sehemu ya ile harufu unayoiita harufu ya bahari ni gesi iitwayo dimethili salfaidi. Asili yake ni vijimea vya baharini, vile vidogo visivyoonekana kwa macho. Gesi hiyo ikipanda hewani inaungana na oksijeni na kugeuka vitu vingine, na kimojawapo ni asidi hii. Kwa jinsi tunavyojua, hakuna chanzo kingine cha maana cha asidi hiyo katika hewa ya kule. Volkano hutoa salfa, viwanda hutoa salfa, lakini asidi hii ikikutwa Antaktika, imetoka kwa vijimea.

Barafu ya bahari inaingiaje? Vijimea vingi vya kule huishi ndani ya barafu na chini yake. Barafu inapoyeyuka majira ya kuchipua, vinaachiwa majini, mwanga unarudi, na bahari inalipuka kwa uhai. Barafu ilipotanda mbali zaidi wakati wa baridi, eneo la kuyeyuka ni kubwa zaidi, gesi ni nyingi zaidi, na asidi inayoanguka na theluji juu ya Law Dome ni nyingi zaidi. Mwaka wa barafu chache, asidi chache.

Ona mlolongo huo: bahari iliganda, vijimea vikala mwanga, gesi ikapaa, theluji ikaanguka, tabaka likafunikwa. Hakuna binadamu hata mmoja katika mlolongo huo, na hakuna mwenye maslahi. Mjomba angesema huu ni ushahidi wa mazingira: hakuna aliyeona kwa macho, lakini viatu vina tope la shamba lile lile.

Mark Curran na wenzake walilinganisha asidi iliyomo katika mchi wa Law Dome na miaka 22 ya vipimo vya setilaiti kwa kipande cha bahari kilicho kati ya nyuzi 80 na 140 mashariki. Vikaoana. Wakachukua uhusiano huo wakaurudisha nyuma katika matabaka ya zamani, kuanzia 1841 hadi 1995. Mwaka 2003 wakachapisha katika jarida la Science: katika ukanda huo, barafu ya bahari ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 20 tangu mnamo 1950.

Wawindaji nyangumi na vijimea. Watu wa Sandefjord hawajawahi kukutana na kijimea na kupanga naye maneno ya kusema. Wote wawili wanaelekeza upunguaji mkubwa baada ya katikati ya karne ya 20, kabla ya setilaiti. Niliposoma hapo nilisimama nikazunguka chumba, chumba chenyewe hatua nne.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule wa 2003 ambalo linamjibu mjomba moja kwa moja kuliko hata ile asilimia 20. Barafu ile haikupungua kwa mstari ulionyooka. Ilipanda na kushuka kwa mizunguko ya takriban miaka 11. Watafiti wakasema wazi kwamba mizunguko hiyo inafanya iwe vigumu kuuona mwelekeo kwa kutumia kipindi kifupi cha setilaiti peke yake. Hii iliandikwa miaka 11 kabla ya kilele cha 2014! Kwa maneno mengine, mjomba alikuwa sahihi kwamba miaka arobaini ni michache, ila hakuona kwamba panga hilo linakata pande zote mbili. Kama 2023 peke yake haithibitishi kitu, basi 2014 peke yake nayo haikanushi kitu.

Sasa nije kwenye ugomvi wa pili.

Niliandika habari hii kwa gazeti moja ambalo huniandikisha kazi. Sijaajiriwa pale, nalipwa kwa kila habari inayochapwa. Mhariri wa zamu akasoma, akaniuliza, "Msomaji wangu wa Mbagala atafanya nini na asidi?" Nikamweleza. Akakubali, ila akaandika kichwa chake cha habari: WANASAYANSI WATHIBITISHA: BARAFU YA ANTAKTIKA YAPUNGUA ASILIMIA 20. Ndani akakata maneno matatu. Maneno yenyewe ni "katika ukanda huo."

Nikamwambia, "Kaka, hayo maneno ndiyo habari yenyewe."

"Ukanda wa nini? Antaktika ni Antaktika."

Saa tisa alasiri kurasa zinafungwa, na yeye ana kurasa nyingine kumi na moja za kufunga. Simlaumu kwa haraka yake. Lakini nilimwomba aitoe habari nzima, na akaitoa. Pesa niliyokuwa nimeipangia kodi ya nyumba ikaenda na maneno matatu.

Kuna rafiki yangu aliyeniambia nimefanya ujinga. Alisema, "Lengo si ni watu wajue barafu inapungua? Sasa umewanyima hata hicho kidogo." Nimelifikiria sana hilo. Nitawaeleza kwa nini bado naona nilichofanya kilikuwa sawa, na mniambie kama mnaona vingine.

Mchi wa Law Dome ni shahidi mzuri wa kipande chake cha bahari. Ukimpeleka akatoe ushahidi wa kipande kingine, anakuwa shahidi wa uongo. Si maneno yangu, imepimwa. Nerilie Abram na wenzake walichunguza asidi hiyo hiyo katika michi ya upande wa Bahari ya Weddell, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba kule mambo yamepinduka: miaka ya barafu nyingi ndiyo yenye asidi chache. Sababu kubwa ni upepo. Kule kinachoamua ni kama upepo unavuma kutoka baharini kuja kwenye mchi au unavuma kwenda, si wingi wa vijimea. Mtafiti huyo huyo na wenzake, mwaka 2010, walitumia michi mitatu ya Rasi ya Antaktika kuonyesha kwamba katika Bahari ya Bellingshausen asidi inafuata barafu vizuri, na kwamba barafu ya huko ilipungua katika karne ya 20. Kemikali ni ile ile na bara ni lile lile, lakini tafsiri inageuka kufuatana na mahali. Sasa ukikata "katika ukanda huo," umebakiza nini?

Na asidi hii ina tabia nyingine mbaya. Inatembea. Ndani ya barafu huhama taratibu kutoka tabaka la kiangazi kwenda la majira ya baridi. Penye theluji kidogo hutoroka hewani kabla haijafunikwa. Hata mchi ukishaletwa maabara na kuwekwa kwenye friza kwa miaka, asidi huendelea kuvuja. Watafiti wanajua, wanapima kiasi kinachopotea, na wanapendelea sehemu kama Law Dome zenye theluji nyingi. Wakati wa kukata vipande wanavaa glavu na nguo maalumu, kwa sababu wanachopima huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni, na jasho la kidole kimoja lina chumvi ya kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Kwa kumbukumbu ndefu zaidi, ya mamia ya maelfu ya miaka, asidi hii haifai. Hapo wanaita chumvi.

Mahali panaitwa Dome C, ndani kabisa ya bara, wastani wa joto kwa mwaka ni karibu nyuzi 54 chini ya sifuri. Mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulimaliza kutoboa pale Desemba 2004, na ukapata barafu ya miaka 800,000. Katika michi ile sodiamu, yaani chumvi ya bahari, ilikutwa nyingi zaidi katika vipindi vya baridi kali vya dunia. Kitendawili! Wakati wa baridi kali barafu ya bahari ilitanda zaidi, maji yaliyo wazi yakawa mbali zaidi. Chumvi ilipaswa kupungua. Mbona iliongezeka?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba upepo ulikuwa mkali zaidi. Kisha Eric Wolff na wenzake wakapendekeza kwamba sehemu kubwa ya chumvi haitoki kwenye maji, inatoka juu ya barafu ya bahari yenyewe.

Hili mtalielewa kirahisi mkikumbuka askrimu za mfuko za utotoni, zile za ubuyu au za ukwaju. Ukiinyonya vizuri, sukari na rangi vinatoka vyote, unabaki na barafu nyeupe isiyo na ladha. Hiyo ni kwa sababu maji yakiganda huwa hayapendi kukaa na kitu kingine. Huisukuma sukari pembeni. Maji ya bahari yakiganda hufanya hivyo hivyo kwa chumvi. Chumvi nyingine inashuka baharini, nyingine inasukumwa juu ikiwa maji makali sana ya chumvi. Theluji inaanguka juu yake inalowa chumvi, vinachipua pia vijiua vya barafu vyenye chumvi kali, na upepo unavipeperusha vyote kuelekea bara.

Alama ya vidole ipo. Maji hayo makali yakipoa chini ya nyuzi 8 hasi hivi, salfeti na sehemu ya sodiamu hujitenga na kuwa fuwele. Chumvi inayobaki inakuwa na upungufu wa salfeti. Na kweli, katika pwani ya Antaktika chumvi inayonaswa hewani majira ya baridi ina upungufu huo. Chumvi iliyorushwa na mawimbi ya kawaida haina. Mwaka 2006 kundi la Wolff likatumia chumvi ya Dome C kufuatilia barafu ya bahari kwa miaka 740,000, na wakaandika wenyewe udhaifu wake: kipindi cha baridi kali kabisa, ukingo ukiwa umeshakwenda mbali sana, chumvi ya ziada haifiki, kwa hiyo shahidi anakuwa kama kiziwi.

Nilipenda hilo kuliko takwimu zote. Mtu ametafuta ushahidi wa miaka laki saba, halafu anakuonyesha mwenyewe mahali ambapo usimwamini.

Mtasema hayo ni ya Antaktika. Basi njooni nyumbani. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoa michi sita kutoka kilele cha Kilimanjaro. Mwaka 2002 wakaandika katika Science kwamba barafu ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, na kwamba vumbi na floraidi kutoka kwenye maziwa yaliyokauka vilirekodi ukame mkubwa, mmojawapo wa miaka 4,000 iliyopita. Kemia ile ile ya kusoma tabaka. Watafiti wengine baadaye wakahoji umri huo, na mjadala ukaendelea kama inavyotakiwa. Lakini kwenye karatasi hiyo kulikuwa na kadirio kwamba barafu ya Kilimanjaro ingeweza kutoweka kati ya 2015 na 2020. Magazeti yakaligeuza kadirio kuwa tarehe ya mazishi. Miaka ikapita, barafu imepungua sana, lakini vipande bado viko pale juu. Na mimi nimesikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema: "Walituambia itaisha, mbona ipo? Waongo hao."

Hiyo ndiyo gharama ya kukata maneno matatu. Leo unapata kichwa cha habari kizuri. Kesho msomaji anaona picha ya 2014, au anaona Kilimanjaro bado ina weupe, naye hakatai kichwa chako tu. Anakataa mchi, asidi, chumvi, na mtu aliyekaa kwenye baridi ya nyuzi 50 hasi kuvitafuta. Sisi tulio katikati ya mtafiti na msomaji tunadhani tunarahisisha. Mara nyingine tunamfilisi mtafiti kwa deni ambalo hakukopa.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Barafu ile huakisi jua, hutengeneza maji mazito ya chumvi yanayozama na kusukuma mikondo ya bahari za dunia, na hulinda kingo za barafu ya nchi kavu zisipigwe na mawimbi. Mwaka 2022 ilipovunjika mapema katika Bahari ya Bellingshausen, makoloni manne kati ya matano ya penguini wakubwa yaliyokuwa yakifuatiliwa kule yalipoteza vifaranga vyake, maana vilikuwa havijaota manyoya ya kuzuia maji. Januari 2025 mradi mwingine wa Ulaya ulitangaza kufikia kina cha mita 2,800 na kupata barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Mashahidi wapya wanaendelea kuitwa.

Mjomba nilimpelekea yote haya, pamoja na udhaifu wa kila shahidi. Nilitegemea abishe. Akanijibu: "Sasa hapo umeleta kesi. Shahidi anayejua mipaka yake ndiye huwa namwamini." Hajasema kwamba amekubali. Ameondoa tu ile picha kwenye kundi, na kwa mtu kama yeye hilo ni hukumu ndefu.

Habari nimeiweka hapa, bila malipo, na maneno yake matatu. Mwenye nyumba ameniongezea siku kumi. Naomba kutoa hoja.